Mbona riwaya za mapenzi za siku hizi hazinishiki tena?

SWALI: Nina miaka 38 na nimesoma riwaya za mapenzi tangu usichana wangu. Mwaka huu nimeanza 11, zote za kisasa, nikamaliza 4 tu. Nyingine nimezitupa katikati kwa hasira. Wapenzi wanaachana kwa jambo ambalo simu moja ingelimaliza. Mwanamume ni tajiri, mkali, ana wivu, na msomaji anatakiwa ampende hivyo hivyo. Vitabu vinafanana mpaka nachanganya nani alikuwa nani. Rafiki yangu ananiambia nimekua, niachane na mambo ya kitoto. Lakini bado nataka kusoma habari za watu wawili wanaopendana. Tatizo ni mimi au ni vitabu? Na binti yangu wa miaka 16 ameanza kuchukua vyangu na kusoma. Nimwache?

JIBU: Dada yangu, tatizo si wewe. Wala sidhani kwamba mapenzi yamekuchosha, maana aliyechoshwa na mapenzi hakasiriki na kitabu, husinzia tu. Wewe umeahidiwa kitu hukupewa, ndiyo maana unakasirika. Nimehariri miswada ya riwaya za mapenzi kwa miaka mingi, na hasira kama yako huwa naiona imeandikwa kwa penseli pembeni mwa kurasa na wasomaji wa kwanza tunaowapa miswada. Karibu kila mara inatokea mahali pamoja. Nitaanza na mahali hapo, kwa sababu malalamiko yako yote matatu yana mzizi mmoja.

Riwaya ya mapenzi ina ahadi ambayo aina nyingine za riwaya hazina. Chama cha waandishi wa riwaya hizi cha Marekani, Romance Writers of America, kilichoanzishwa mwaka 1980, kiliieleza kwa mambo mawili: mapenzi yawe ndiyo kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe moyo na uwe na matumaini. Kwa hiyo unapofungua ukurasa wa kwanza, unajua tayari kwamba hawa wawili watakuwa pamoja. Wanaozibeza riwaya hizi hulishika hilo kama kosa. Mimi naliona kama sharti gumu kuliko yote ambayo mtunzi anaweza kujiwekea. Mtunzi wa hadithi za upelelezi anakushika kwa kukuficha muuaji. Huyu wa mapenzi hana cha kukuficha. Mwisho ameshakupa. Kilichobaki mkononi mwake ni swali moja tu: kama wanapendana, kwa nini hawako pamoja bado?

Jibu la swali hilo wahakiki hulitaja kama kizuizi. Pamela Regis, katika utafiti wake wa mwaka 2003 kuhusu historia ya riwaya hizi, alikitaja kuwa miongoni mwa nguzo nane ambazo hakuna riwaya ya mapenzi inayosimama bila hizo. Mimi naenda mbele zaidi yake. Kizuizi ndicho riwaya yenyewe. Kikiwa imara, nitamsamehe mtunzi lugha ya kawaida, mandhari yaliyochorwa harakaharaka, hata wahusika wadogo waliosahaulika njiani. Kikiwa dhaifu, hakuna uzuri wa lugha utakaoiokoa kazi.

Zamani kizuizi kilikuwa kinapatikana bure. Katika riwaya maarufu ya Jane Austen ya mwaka 1813 kuna mabinti watano wa nyumba moja, na mali ya baba yao itakwenda kwa ndugu wa kiume wa mbali. Mtunzi hakuhitaji kubuni hofu. Sheria ya urithi ilikuwa imeshamwandikia. Mwaka 1847 Charlotte Brontë alipomfanya shujaa wake awe na mke mwenye wazimu aliyefungiwa ghorofa ya juu, mlango ulikuwa umefungwa kwelikweli. Kuvunja ndoa kabisa ili uoe tena kulihitaji sheria maalumu ya Bunge la Uingereza. Talaka ya mahakamani iliruhusiwa kwa sheria ya 1857, na wazimu wa mwenzi haukuwa sababu ya talaka hadi 1937. Mtu angeweza kupenda mpaka akonde, na njia ya halali isiwepo.

Sasa tazama hao unaowasoma wewe. Mwanamke ana kazi yake na ufunguo wa nyumba yake. Mwanamume hajaoa. Hakuna mzazi mwenye kura ya turufu. Simu iko mfukoni, na mji mwingine ni mwendo wa saa chache. Ni jambo jema kwa watu, lakini limemwacha mtunzi mikono mitupu. Riwaya ya mapenzi ya kisasa ndiyo ngumu kuandikwa kuliko zote, na wengi wanaoiandika hawajui kwamba wameingia kwenye kazi ngumu. Wanafika ukurasa wa mia mbili, wapenzi wameshapendana, mchana kweupe, na kitabu bado kina kurasa mia. Hapo ndipo mtunzi anamleta yule mwanamke asiyejulikana akikumbatiwa mlangoni na shujaa wetu. Heroini, yaani mhusika mkuu wa kike, anaona, anageuka, anazima simu, anahama mji. Baadaye inajulikana kwamba yule alikuwa dada yake.

Ulipofika hapo ulikitupa kitabu, na ulikuwa na haki.

Ila nisingependa uhitimishe kwamba kutoelewana ni kosa kila kunapotokea. Watu wazima wenye akili hawaelewani kila siku, tena na wale wanaowapenda zaidi. Kipimo ninachokitumia ni hiki: mchukue mmoja wao, mfanye aseme ukweli wote kwenye ukurasa wa hamsini. Kama hadithi inaisha hapo, basi hapakuwa na kizuizi, palikuwa na ukimya uliolazimishwa na mtunzi. Kama ukweli ule ungezidisha matatizo, umeshika riwaya. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na riwaya nzuri ya mapenzi huanza palepale: kwa mtu ambaye kumwonyesha mwenzake jeraha lake kunamtisha kuliko kumkosa.

Nikupe mfano kutoka mezani kwangu. Niliwahi kupokea mswada wenye tukio hilohilo la kumbatio na dada. Mhusika mkuu alikuwa mwanamke aliyelea wadogo zake watatu tangu akiwa na miaka 19, baada ya mama yao kufariki. Mtunzi alikuwa ameandika hayo kwa uzuri kwenye sura ya pili, kisha akayasahau. Nilimwandikia swali moja: itakuwaje kama atauliza huyo mwanamke ni nani, akajibiwa, akaamini, na bado akaondoka? Alikaa kimya wiki kadhaa. Mswada uliporudi, tukio la mlangoni lilikuwa limefutwa. Mahali pake palikuwa na mwanamume anayeosha vyombo vya jioni bila kuombwa, na mwanamke anayemtazama mgongoni huku akitetemeka. Hakuna aliyewahi kumwoshea vyombo. Kila alipoambiwa "acha, nitafanya mimi", alisikia "wewe huwezi". Akaondoka usiku ule kwa sababu alitunzwa, na hakujua mtu anayetunzwa hufanya nini na mikono yake. Mazungumzo marefu kiasi gani yangeliondoa hilo? Hakuna. Ilibidi abadilike, na kubadilika kulichukua zile kurasa mia zilizobaki, na kila ukurasa ulikuwa na kazi.

Ndiyo maana nasema kizuizi cha kisasa hakina budi kuhamia ndani ya mtu. Zile kuta za nje zimeanguka. Zimebaki hofu, majivuno, majonzi ambayo hayajaisha, mazoea ya kujitegemea mpaka mkono wa mwingine unauma. Wapenzi wa zamani wanaokutana tena baada ya miaka kumi, kwa mfano, ni mpango ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini hapo pia mtunzi lazima aniambie kwa nini kidonda kile hakikupona, tena kwa matendo. Akinipa sura nzima ya kumbukumbu zilizoandikwa kwa herufi za mlazo, najua anakwepa.

Nije kwa yule mwanamume tajiri na mkali.

Hakuzaliwa juzi. Mwaka 1972 ilitoka Marekani riwaya moja ya Kathleen Woodiwiss iliyofungua soko kubwa la mapenzi ya kihistoria, na ndani yake shujaa anamwingilia heroini kwa nguvu walipokutana mara ya kwanza, kisha riwaya inamtaka msomaji amkubali kama mume. Tangu wakati huo watunzi na wasomaji wa riwaya hizi wamekuwa wakibishana wenyewe kwa wenyewe juu ya mtu huyu, kwa ukali kuliko wahakiki wa nje. Mwaka 1984 Janice Radway alichapisha utafiti wake juu ya kundi la wanawake wasomaji katika mji mmoja wa Marekani. Walimweleza kwamba saa ya kusoma ndiyo saa pekee ambayo hakuna aliyewadai kitu. Na kilichowavuta kwa shujaa, chini ya ukali wake wote, kilikuwa uwezo wa kumtunza mwanamke kwa upole, jambo ambalo wao wenyewe walilifanya kwa kila mtu siku nzima na hawakufanyiwa.

Utafiti huo ulinifundisha kutomdharau msomaji anayempenda mwanamume mkali. Anatafuta kitu cha kweli. Lakini Radway aliona pia hatari: hadithi humzoeza msomaji kuusoma upya ubaridi na ukatili wa mwanamume, mpaka mwishoni unaonekana ulikuwa mapenzi tangu mwanzo. Hapo ndipo nakuunga mkono bila kusita. Mwanamume anayefuatilia simu ya mwenzake, anayemchagulia nguo, anayempiga ngumi mtu aliyemsalimia, hajathibitisha mapenzi. Amethibitisha kwamba anaogopa, na hofu yake anaibebesha mwingine. Mtunzi ana ruhusa kamili ya kumwandika. Ninachouliza ni kama kitabu chenyewe kinamjua. Mwenye kupenda chongo huita kengeza, na heroini anaruhusiwa kuita kengeza kwa kurasa mia mbili. Mtunzi haruhusiwi. Nikiona msimulizi mwenyewe anaita chongo kengeza, nafunga kitabu, hata kiwe kimeuzwa kiasi gani.

Na ukitazama vizuri, ukali huo ni njia nyingine ya kukwepa kazi ileile. Mtunzi aliyekosa kizuizi ndani ya watu wawili anamfanya mmoja wao awe kizuizi. Utajiri vilevile: pesa inaondoa kodi ya nyumba, ratiba ya kazi, uchovu wa Jumatatu, yaani yote ambayo yangetuonyesha mtu anapenda vipi akiwa amechoka. Ningependa kusoma zaidi habari za watu wanaopendana wakiwa wamechoka.

Kuhusu matukio ya chumbani hukuuliza, lakini wanaoniandikia huuliza sana, kwa hiyo niseme kwa ufupi. Sijali kama mlango uko wazi au umefungwa. Natazama asubuhi yake. Kama kuna jambo limebadilika baina yao, tukio lilistahili kuwepo. Kama ungeweza kuruka kurasa nane na usikose chochote, lilikuwa pambo.

Sasa kufanana. Hapa sitakubaliana nawe yote. Maadui wanaoishia kupendana, uchumba wa kusingizia unaogeuka wa kweli, wageni wawili waliokwama chumba kimoja chenye kitanda kimoja: hii ni mipango ya zamani, na kurudiwa kwake si dhambi. Ngano zinarudiwa, nasi tunakaa kuzisikiliza. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, Harlequin ikaanzishwa Kanada mwaka 1949 na kuinunua mwaka 1971, na kwa miongo mingi zimetoa vitabu vyembamba vya mpango mmoja na urefu uliopangwa. Ndani ya mipaka hiyo waliandika watu hodari sana, kwa sababu mpango ukishajulikana, msomaji anatazama namna unavyotekelezwa.

Kilichobadilika ni mwelekeo. Zamani mtunzi alikuwa na watu, halafu mchapishaji akatafuta kichwa cha kuwauzia. Siku hizi wengi wanaanza na orodha ya vionjo ambavyo msomaji anatafuta mtandaoni, kisha wanatafuta watu wa kuvibeba. Ndiyo maana unasahau nani alikuwa nani, maana hawakuwa mtu yeyote. Kuna sababu za kibiashara pia. Duka la mtandaoni la Amazon lilitoa Kindle, kifaa cha kusomea vitabu, mwaka 2007, na katika huduma yake ya kusoma kwa malipo ya mwezi, tangu mwaka 2015 watunzi wanalipwa kwa kurasa zilizosomwa. Mtunzi anayeishi kwa malipo hayo ana kila sababu ya kuandika haraka, kuandika mara nyingi na kurefusha. Zile kurasa mia ulizozikasirikia huenda chanzo chake kiko hapo.

Hata hivyo mlango huohuo uliwaingiza watunzi ambao wachapishaji waliwakataa kwa miaka, na wao ndio waliotuletea nusu ya vitabu ninavyovipenda vya miaka ya karibuni. Mapenzi ya watu wa miaka hamsini. Wapenzi wenye ulemavu ambao ulemavu wao hauponi sura ya mwisho ili wastahili kupendwa. Wajane. Wanaume wanaolia na hadithi haiwaaibishi. Mtu anauliza "nikuguse?" na swali hilo linaongeza joto la chumba. Ukisema riwaya za zamani zilikuwa bora, rudi uzisome. Mimi nimezirudia nyingi, na nyingi zilikuwa nzuri kwa sababu nilikuwa na miaka 15.

Huhitaji kusoma nusu ya kitabu ili ujue. Kurasa ishirini zinanitosha. Naangalia kwanza kama kila mmoja alikuwa anataka kitu fulani maishani kabla hawajakutana, maana mtu asiyetaka kitu chochote hawezi kuzuiwa na chochote. Halafu nasikiliza mazungumzo. Nafunika majina kwa kidole na kujaribu kutambua nani anasema. Wakiongea sauti moja, mtunzi hajawasikia bado. Na namtazama rafiki wa heroini: je, ana shughuli yake, au yupo pale kuuliza "kwani unampenda?" tu? Kitabu chenye rafiki mwenye matatizo yake mwenyewe kwa kawaida kina mtunzi anayewapenda watu. Kikishindwa vyote vitatu, kiache bila kujilaumu. Vitabu 7 ulivyoviacha mwaka huu vimekuonyesha jicho lako limekuwa kali, na jicho hilo hulipati kwa kuacha kusoma. Unalipata kwa kusoma mamia.

Ndiyo maana lile neno la rafiki yako limenigusa. Katika uhakiki wa Kiswahili tuna istilahi ya riwaya pendwa, yaani ya kuburudisha, tukiitofautisha na riwaya dhati, yaani ile inayohesabiwa kuwa nzito, na mara nyingi tunapotamka "pendwa" midomo yetu inakunjika kidogo, kana kwamba kupendwa na wasomaji ni upungufu. Sikubaliani na mkunjo huo. Maswali ambayo riwaya hizi zinayashughulikia, yaani nimwamini nani, nijifiche mpaka lini, nitajuaje kwamba huyu hataondoka, hayana utoto wowote. Watu wa miaka sabini wanayauliza vitandani. Mbaya ni jibu la kitoto kwa swali la mtu mzima, na hilo ndilo ulilolikataa. Rafiki yako ameona unakasirika akadhani umekua ukaziacha. Naona umekua nazo, na sasa unazidai zaidi.

Binti yako. Kwanza, kuna vitabu vyenye matukio ya chumbani ambavyo havikuandikiwa mtu wa miaka 16, na hivyo viweke unapoviweka vitu vyako vya mtu mzima, bila mhadhara. Vilivyobaki mwachie. Usimnyang'anye vile vyenye mwanamume mwenye wivu. Atavisoma kwingine, peke yake, bila wewe wa kuongea naye. Someni kimoja pamoja, kila mtu kwa wakati wake. Mkifika pale ambapo heroini anamsamehe, usimwambie wewe ungefanya nini. Muulize yeye angemsamehe kwenye ukurasa upi, na kama hakuna ukurasa huo, akuonyeshe ule ambao angeondoka.